Bendera Si Hati: Majahazi ya Sur, Kipande, na Akaunti Zako Mbili za GitHub

Kila nikiweka video ya mambo ya programu, inboksi inajaa swali lile lile: "Bro, nina akaunti mbili za GitHub, moja ya kazi, moja yangu, na laptopu ni hii hii moja. Nikituma kazi naambiwa sina ruhusa. Nifanyeje?"

Jibu la haraka lipo, ni mistari michache tu, na nitalitoa hapa chini. Lakini leo nivumilieni kidogo, manake hili si swali la kompyuta peke yake. Ni swali la zamani kuliko stima mjini: nani anathibitisha kwamba wewe ni wewe, na huo uthibitisho anaushika nani mkononi? Sisi watu wa Mombasa swali hili limetupitia mlangoni zaidi ya mara moja. Ukijua lilivyotupitia, utaelewa kwa nini ule mpangilio wa mistari michache uko vile ulivyo.

Kwa wale ambao si watu wa programu: Git ni chombo cha kutunza historia ya kazi. Kila ukibadilisha kitu ukakihifadhi, Git inaandika nani kabadilisha, lini, na kabadilisha nini. Rekodi moja kama hiyo tunaiita komiti. Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005, baada ya kampuni iliyokuwa ikiwapa watengenezaji wa Linux chombo kama hicho bure kuondoa ruhusa yake. GitHub, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2008, ni ghala la mtandaoni la kuwekea kazi hizo. Microsoft ililinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5.

Haya, sasa twende Bandari ya Kale.

Enzi za majahazi, kaskazi ikivuma vyombo vilikuja kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikigeuka vikarudi kwao. Kati ya mabaharia waliojulikana sana pwani hii ni watu wa Sur, mji wa bandari ulioko Oman. Karne ya 19, manowari za Uingereza zilikuwa zikizunguka baharini kukamata vyombo vilivyobeba watumwa. Mikataba na masultani wa Maskati na Zanzibar iliwapa Waingereza haki ya kusimamisha jahazi la raia wa masultani hao na kulipekua.

Lakini Ufaransa ilikataa katakata manowari ya Uingereza ipekue chombo chenye bendera ya Ufaransa. Manahodha wa Sur wakauona huo mwanya. Wakaenda kwa maafisa wa Ufaransa huku huku kwenye bahari yetu, wakapewa hati na bendera. Mwenye chombo ni raia wa Sultani wa Maskati, chombo kimeundwa Sur, mabaharia ni wale wale wa jana, lakini manowari ikitokea inapanda bendera ya Ufaransa. Kwa lugha yetu ya leo: walifungua akaunti ya pili.

Tusilipambe jambo hili. Wako waliobeba tende na boriti tu, wamechoka kusimamishwa kila safari. Na wako waliobeba binadamu, na ile bendera iliwaficha. Kwa hivyo si hadithi ya ujanja wa kuchekea. Utambulisho ukiwa rahisi kuazima, anayeufaidi zaidi huwa ni mwenye kitu cha kuficha.

Ugomvi ulifika mbali, hadi The Hague, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Majaji hawakusema Ufaransa haina haki kabisa. Walisema kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku ambayo mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa uliibana Ufaransa, ilikuwa huru kutoa bendera kwa masharti yake yenyewe. Baada ya siku hiyo, haikuruhusiwa kuwapa raia wa Maskati isipokuwa wale waliokuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya 1863. Halafu wakaweka kipengele ambacho nikikisoma mimi naona kama kimeandikwa na mtu wa usalama wa mtandao: ruhusa ya kupandisha bendera haihamishwi kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi lingine, hata kama majahazi yote mawili ni ya mwenye mmoja.

Hata kama mwenye ni mmoja! Hati ni ya mtu huyu, kwenye chombo hiki. Basi.

Sasa rudi kwenye laptopu yako. Unapoanza kutumia Git, unaiambia jina lako na barua pepe yako. Mistari miwili tu, na Git haikuulizi kitambulisho. Ukitaka, andika jina "Linus Torvalds" na barua pepe yake, halafu hifadhi kazi. Git itakubali, na komiti itatoka na jina lake. Jina lililo kwenye komiti ni bendera. Yeyote mwenye kitambaa anaweza kuipandisha.

Hati ni kitu kingine. Hati ni ule uthibitisho unaoutoa wakati wa kutuma kazi ghalani, na GitHub ndipo inapoamua ukubaliwe au ufukuzwe. Wengi wanaonitumia maswali wamechanganya hivi viwili. Wanabadilisha jina na barua pepe, wakitarajia akaunti ibadilike. Haibadiliki, manake umebadilisha bendera tu. Hati iliyo mfukoni bado ni ya akaunti ya kwanza.

Hati zenyewe zina historia, na kipande kimoja cha historia hiyo kinaitwa hasa hivyo: kipande.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, na ilipofika 1920 ilikuwa ikitumika kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, na rekodi ya kazi zake. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha bati na wengi walikivaa shingoni. Aliyekuajiri aliandika humo siku uliyoanza, na siku ya kuondoka alitakiwa atie sahihi kukuachilia. Asipotia sahihi, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kukuchukua. Ukitoroka, alama zako za vidole ziko kwenye kumbukumbu Nairobi, utatafutwa. Harry Thuku alipowakusanya watu mwaka 1921, kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kutaka aachiliwe wakapigwa risasi. Mpango ule ulibadilishwa kwa sheria ya mwaka 1947 iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe.

Kumbuka: ubaya wa kipande haukuwa kwamba mtu anatambuliwa. Kila mji wa bandari unatambua watu wake. Ubaya ni kwamba rekodi ya kazi yako iko shingoni mwako lakini kalamu iko kwa bwana. Wewe unabeba, yeye anaandika, na yeye ndiye anayeamua kama kesho utafanya kazi kwingine.

Kompyuta nazo zilianza na utambulisho dhaifu. Mwaka 1961 chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa zamu, kila mtu na nenosiri lake. Mwaka uliofuata, mwanafunzi mmoja anayeitwa Allan Scherr, muda wake wa kutumia mashine ukiwa haumtoshi, aliiomba mashine imchapie faili la manenosiri yote. Ikamchapia. Kwa hivyo nenosiri halikumaliza hata miaka miwili mitatu kabla ya kuibwa.

Tatizo la nenosiri ni kwamba ukitaka kuthibitisha unalijua, lazima ulitaje. Na ukilitaja, anayesikia analo. Ni kama kumuonyesha bawabu ufunguo wa nyumba yako kila ukipita mlango wa mtaa, naye akipenda anachonga wake.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo lililogeuza mambo: funguo mbili zinazoendana, moja unaigawa wazi, nyingine hautoi kamwe. Fikiria umetengeneza makufuli mengi yanayofunguliwa na ufunguo mmoja. Makufuli unayagawa mjini bure. Mtu akitaka kujua kama wewe ndiye, anakuletea kufuli lako limefungwa, unalifungua mbele yake. Ameona umelifungua, lakini ufunguo hajaushika.

Wazo hilo lilikuja kutumika kwenye kazi zetu za kila siku kupitia Ufini. Mwaka 1995, kwenye chuo cha teknolojia cha Helsinki, mtu alitega mtandao akakusanya manenosiri ya watu yakipita wazi wazi. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika programu inayoitwa SSH, na mwaka huo huo akaitoa. Mpaka leo ndiyo hiyo tunayotumia kuzungumza na seva, na ndiyo njia mojawapo ya kutuma kazi GitHub.

GitHub yenyewe ilikubali manenosiri kwa muda mrefu, kisha tarehe 13 Agosti 2021 ikasema basi: huwezi tena kutuma kazi ya Git kwa nenosiri la akaunti. Lete ufunguo wa SSH, au tokeni, ambayo ni hati ya muda unayoiwekea mipaka na unayoweza kuifuta. Mwaka 2023 ikaanza kuwalazimisha wanaochangia programu kuweka uthibitisho wa hatua ya pili, yaani hata nenosiri la kuingilia kwenye tovuti likiibwa, mwizi bado ana mlango mwingine wa kuvuka.

Na mlango nao unatakiwa ujithibitishe. Mara ya kwanza ukiunganisha SSH, inakuonyesha alama ya kidole ya seva, inakuuliza kama unaiamini. Wengi tunabonyeza ndiyo bila kusoma. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub ilibadilisha ufunguo wake mmoja wa seva baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye ghala lililo wazi. Duniani kote watu wakaona onyo kubwa la kutisha kwenye skrini. Alama sahihi GitHub imezitangaza kwenye tovuti yake, linganisha ndipo ukubali. Nahodha huangalia hati za rubani kabla ya kumkabidhi usukani.

Sasa jibu la inboksi.

Kwanza, tengeneza funguo mbili, moja kwa kila akaunti: ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/id_kazi, kisha rudia kwa id_yangu. Weka neno la siri kwenye kila ufunguo ukiulizwa. Ule wenye .pub mwishoni ndio kufuli, huo unaupeleka kwenye akaunti husika. Usio na .pub hautoki kwenye mashine hiyo. Haupelekwi kwa WhatsApp, hauwekwi kwenye flashi ya rafiki. Na usijaribu kuweka ufunguo mmoja kwenye akaunti mbili, GitHub itakataa, manake ufunguo ndio unaoiambia wewe ni nani. Ukinunua laptopu nyingine, tengeneza ufunguo mwingine. Majaji wa 1905 walishasema: hati haihamishwi, hata kama mwenye ni mmoja.

Pili, fungua faili la ~/.ssh/config, uandike:

Host github-kazi
  HostName github.com
  User git
  IdentityFile ~/.ssh/id_kazi
  IdentitiesOnly yes

Halafu rudia kwa github-yangu na id_yangu. Mstari wa mwisho ndio watu wengi wanauacha, na ndio chanzo cha "sina ruhusa". Bila huo, kompyuta inaweza kutoa funguo zote ilizonazo moja baada ya nyingine, na wa kwanza kukubaliwa ndio unakuwa wewe. Yaani unafika forodhani na hati za majahazi mawili, unatoa ya juu bila kuangalia.

Tatu, kazi za ofisini zichukue kwa anwani ya git@github-kazi, zako kwa git@github-yangu. Jaribu kwa ssh -T git@github-kazi. Itakuamkia kwa jina la akaunti. Jina likiwa silo, usitume kitu.

Nne, panga na bendera. Weka kazi za ofisi kwenye folda moja, tuseme ~/kazi, na kwenye faili la ~/.gitconfig andika:

[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
  path = ~/.gitconfig-kazi

Faili hilo la pili lina jina na barua pepe ya kazini. Sasa kila komiti ndani ya folda hiyo inatoka na bendera ya ofisi, na nje yake inatoka na yako. Ukitaka bendera na hati ziwe kitu kimoja, tia sahihi komiti zako. Tangu toleo la 2.34 la mwaka 2021, Git inakubali ufunguo wa SSH kwa kazi hiyo.

Kwa nini nimelishupalia jambo hili? Mimi sina cheti. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Vijana wengi ninaowaona wakiandika programu hapa kisiwani, Kibokoni mpaka Makadara, na pale SwahiliPot karibu na Fort Jesus, nao hawana karatasi ya kuonyesha. Kwetu sisi ile historia ya komiti ndiyo cheti. Mtu aliyeko Nairobi au Dubai hanijui mimi wala babangu. Anafungua ukurasa, anaona nimefanya nini, na kwa muda gani.

Kijana mmoja ninayemfahamu aliiandikia kampuni moja programu kwa zaidi ya mwaka. Kampuni ilimpa akaunti yake, kwa barua pepe yake, na ikamwambia asitumie nyingine. Mkataba ulipoisha, jioni ile ile akaunti ikafungwa. Alipoenda kutafuta kazi kwingine akaambiwa aonyeshe alichofanya, hakuwa na kitu. Programu ni mali ya kampuni, mkataba unasema hivyo na sina ubishi. Lakini mwaka mzima wa jina la mtu ukiwa kwenye kalamu ya mwajiri, anayeamua kama uliwahi kufanya kazi au la, hilo sisi tumeliona. Lilivaliwa shingoni kwenye kikopo cha bati.

Upande wa pili nao una haki. Kampuni ina sababu ya kutaka akaunti inayoweza kuifunga: mfanyakazi akiondoka na ufunguo, data za wateja zimo hatarini. Na GitHub inaruhusu mtu mmoja akaunti moja tu ya bure, wengi wala hawahitaji ya pili. Akaunti moja inabeba barua pepe kadhaa, na mwajiri anaweza kukualika nayo kwenye ghala zake, kisha akakutoa mkimalizana. Anafunga mlango wake, jina lako linabaki kwako. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi mkataba, uliza: nitatumia akaunti yangu, au ya kwenu? Ikiwa ni ya kwao, omba barua inayoeleza kazi utakayofanya, na wakati wako wa jioni jenga kitu kwenye akaunti yako, hata kiwe kidogo.

Mtu akikwambia kuwa na akaunti mbili ni undumakuwili, mcheke taratibu. Mji wa Kale mtu ana jina la cheti, jina la nyumbani, na lakabu ya barazani, na yeye ni yule yule. Kosa si majina mengi. Kosa ni kupandisha bendera usiyo na hati yake, au kukubali hati yako ikae mfukoni mwa mwingine.

Tangu 2009 waya wa TEAMS umelazwa chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa, upande ule ule walikotoka majahazi. Kazi zetu zinapita humo kila siku bila kungoja kaskazi wala kusi. Mwenye kuzituma ajulikane, na ajulikane kwa hati aliyoishika mwenyewe. Leo usiku tengeneza funguo zako mbili. Ukikwama kwenye hatua yoyote niandikie, ila ule ufunguo usio na .pub usinitumie hata mimi.